Mrejesho: Njia ya kuchambua hatari za programu

Habari zenu wakuu. Niliuliza tutumie njia gani kuchambua hatari kwenye programu yetu ya malipo: FMEA (kupitia namna kila sehemu inavyoweza kuharibika na kuipa alama), mti wa hitilafu (mchoro wa kufuata janga hadi vyanzo vyake), au lile jedwali la rangi tatu linalogawa hatari kuwa nyekundu, njano na kijani.

Jedwali tuliliacha siku ya pili. Karibu kila kitu kiliangukia njano, na njano haikuambii uanzie wapi. Mti wa hitilafu, uliobuniwa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, mwaka 1962 kwa ajili ya makombora, unataka ulijue kwanza janga unalolikimbia, ndipo ushuke kutafuta vyanzo. Sisi majanga yenyewe tulikuwa hatuyajui.

Tukaanza na FMEA. Kila sehemu inaweza kuharibika vipi? Unapima madhara, uwezekano wa kutokea na ugumu wa kugundua, kila kimoja 1 hadi 10, kisha unazidisha. Hapo nilishtuka. Mtandao ukikatika baada ya pesa kukatwa lakini kabla jibu halijafika, programu ilikuwa inatuma ombi upya na mteja anakatwa mara mbili! Tuliipa 9, 4 na 8, yaani 288. Kosa la salio kuchelewa kuonekana, tulilolipigia kelele miezi yote, lilipata 60.

Hilo la kukatwa mara mbili ndilo tulilolichorea mti. Sasa kila ombi lina namba yake ya kipekee. Likirudiwa, seva haikati tena.

Ila msitegemee alama inayotokana na kuzidisha peke yake. Penye madhara 9 au 10, shughulikieni hata kama alama hiyo ni ndogo. Mdau uliyenishauri nichanganye njia mbili, asante sana, umenifaa mno.