Maji ya ziwa yamekuwa kijani na jirani anatapisha choo mvua ikinyesha, nifanyeje?

Mama Kulwa: Wakuu heshima kwenu. Niko Igombe hapa Mwanza, kando kabisa ya Ziwa Victoria, bomba kwetu bado, hivyo maji ya kunywa na kupikia tunachota ziwani. Sasa wiki hizi yamekuwa kijani kama mlenda, ukiyaacha kwenye ndoo juu kunatanda utando na harufu ya nyasi zilizooza. Nachemsha kila siku, mkaa wenyewe bei mnaijua, ila watoto bado matumbo yanawasumbua. Halafu kuna mzee mwenye nyumba hapo juu yetu, mvua kubwa ikianza tu usiku anatoboa karo anatapisha choo, yote inashuka na mtaro mpaka pale pale tunapochota. Mtaa mzima unajua ila ndo aliyetukopesha ada ya mtoto, nikisema naonekana sina shukrani. Naombeni ushauri, wa maji na wa huyu mzee pia.

Sangara Mkavu: Mtambo wa maji wa Butimba hapo Mwanza lita milioni 48 kwa siku na bado mnakunywa mlenda, hamia mjini dada 😂

Fundi Pampu: Pole mama Kulwa. Huo ni mwani, na kuna aina yake ina sumu. Hapo ndo wengi wanakosea, moto unaua vijidudu vya kuhara na kipindupindu ila sumu ya mwani hautoi, tena mwani ukipasuka sumu inazidi kumwagika majini. Upepo ukivuma kuja nchi kavu utando wote unajazana ufukweni, so mwombe mwenye mtumbwi awachotee mbele huko, dumu alizamishe asikombe ya juu, chuja na kitenge ukunje mara nne NDIPO uchemshe. Inapunguza tu, haimalizi. Bora utege bati, mvua si zipo? Ya kwanza yenye vumbi na mavi ya kunguru mwaga, yanayofuata ndo ya kunywa, na bado uyachemshe. Na huyo mzee anaulisha huo mwani, kinyesi ni mbolea kama ya mahindi tu.

Nesi Mstaafu: Watoto wapeleke zahanati wapimwe choo na mkojo, acha kununua flajili dukani. Kama wanaoga ziwani kichocho hakiko mbali. Maji ya kuoga yalaze ndooni siku 2, vimelea vyake vinakufa vyenyewe.

Wakili wa Kijiweni: Nenda NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa. Sheria ya Mazingira ya 2004 kifungu cha 57, ndani ya mita 60 kutoka ziwani hairuhusiwi shughuli ya kuharibu mazingira. Mzee atanyooka.

Bibi Harusi 2: @Wakili we unataka mama wa watu afukuzwe mtaani? Ukaguzi ukimwangukia mzee peke yake atajua nani kasema. Mama Kulwa muone mwenyekiti kimya kimya, afisa afya wa kata aje akague vyoo vya mtaa MZIMA. Halafu wapangaji wake wachange gari la majitaka, pengine anatapisha kwa kukosa hela.

Mama Kulwa: Asanteni jamani, kikao Jumapili, hilo la mtaa mzima nalipeleka. Fundi, bati langu lina kutu, maji si yatatoka mekundu?

Fundi Pampu: Kutu inatuama chini, chota ya juu. Bati la kuogopa ni lile rangi inabanduka.