Kukaa kijijini na kujifunza mapishi ya Wakhmer kando ya ziwa Tonle Sap

Mwalimu wa Jiko, Dodoma

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninafundisha mapishi katika chuo kimoja hapa Dodoma, na mwishoni mwa mwaka natarajia kwenda Siem Reap, Kambodia, kwa ajili ya mkutano. Magofu ya Angkor nitayaona kama wageni wote, lakini ninachokitaka hasa ni kukaa siku chache katika kijiji cha kando ya Tonle Sap, nilale nyumbani kwa watu na nishike mchi pamoja na mama mwenye nyumba. Naomba kujua kijiji kinachofaa, chakula wanachokula wenyeji pasipokuwa na mgeni, na namna ya kuishi nao bila kuwaudhi, kwa kuwa mimi ni Mwislamu na sili nguruwe. Nikirudi ningependa wanafunzi wangu wapike vyakula hivyo kwa samaki wa bwawa la Mtera, hivyo mwenye ujuzi wa vitu vya kubadilishia asisite kusema.

Msafiri wa Kizota

Mwalimu, nianze na msimu, kwa sababu ziwa hilo halikai vilevile mwaka mzima. Wakati wa ukame eneo lake ni takriban kilometa za mraba 2,500 na maji yake ni ya kina kifupi. Mvua zinapokolea, mto Mekong hufurika na kuusukuma mto Tonle Sap, unaounganisha ziwa hilo na Mekong, urudi nyuma, maji yakawa yanaingia ziwani badala ya kutoka, hadi eneo hilo likapita kilometa za mraba 10,000. Kufikia Oktoba au Novemba mto hugeuka tena kuelekea baharini, na wakati huo mji mkuu, Phnom Penh, husherehekea Bon Om Touk, sikukuu ya maji yenye mashindano ya mitumbwi. Kwa hiyo mwishoni mwa mwaka utayakuta maji yakiwa bado mengi lakini yakipungua, na samaki wanaoyafuata hunaswa kwa wingi mtoni.

Kampong Phluk na Kampong Khleang vinafikika kutoka Siem Reap, na nyumba zake zimejengwa juu ya nguzo ndefu sana: katika ukame mtu hupanda ngazi kutoka ardhini, na katika mafuriko hufunga mtumbwi karibu na mlango wake. Kampong Luong, upande wa mkoa wa Pursat, ni jambo jingine kabisa, kwa maana huko nyumba zenyewe zinaelea na huhamishwa kufuata maji. Popote utakapochagua, usiridhike na boti ya jioni ya kutazama machweo. Lala hukohuko, maana shughuli za jikoni huanza mapema, kabla boti za watalii hazijafika.

Mama Kinu, Area C

Mimi nitasema ya jikoni tu. Mapishi ya Wakhmer, kabila kubwa la Kambodia, yana nguzo mbili, na ya kwanza ni kroeung, yaani viungo vibichi vilivyotwangwa: mchaichai, manjano mabichi, kitunguu saumu, vitunguu vidogo vyekundu, maganda na majani ya aina ya ndimu yenye ngozi iliyokunjamana, pamoja na mzizi wa jamii ya tangawizi ulio mgumu kuliko tangawizi yetu. Mchaichai hukatwa vipande vyembamba kabisa kabla ya kuingia kinuni, kwani ukiutia mzima nyuzi zake hazitalainika hata utwange mpaka adhuhuri. Vitu vigumu hutangulia na vitunguu huja mwisho, kwa sababu maji yake hufanya mchi uteleze. Blenda itakurahisishia kazi, lakini huomba maji, na viungo vyenye maji havikaangiki vizuri.

Nguzo ya pili ni prahok. Samaki wadogo hukatwa vichwa, huoshwa, hupondwa, huanikwa juani, kisha hutiwa chumvi na kufungiwa mitungini wachachuke kwa wiki kadhaa, hata kwa miezi mingi. Harufu yake ni kali, ingawa aliyekulia na ng'onda hatakimbia. Madarasa ya watalii hupenda kufundisha amok, samaki wa tui la nazi wanaopikwa kwa mvuke katika vikombe vya majani ya mgomba. Ni chakula kitamu, sikatai, lakini mwombe mwenyeji wako akufundishe samlor korko, mchuzi wa samaki wenye boga, bilinganya, papai bichi na majani, unaoongezewa uzito kwa mchele uliokaangwa mkavu ukasagwa. Kwa wanafunzi wako, kambale wa Mtera atafaa zaidi kuliko perege, kwa sababu nyama yake haivunjikivunjiki upesi. Badala ya prahok, ponda dagaa wa chumvi. Ladha itasogea karibu, ingawa haitakuwa ileile.

Abu Salma

Mwalimu, Wakhmer wengi ni Wabudha, lakini Kambodia ina Waislamu pia, hasa Wacham, ambao wengi wao huishi kando ya Mekong na Tonle Sap na kufanya uvuvi. Hata hivyo, mweleze mwenyeji wako suala la nguruwe kabla hajaenda sokoni, wala si mezani, kwa kuwa nguruwe hutiwa katika vyakula ambavyo hungevishuku: prahok ktis, kwa mfano, hutengenezwa kwa nyama yake ya kusaga na tui. Salamu yao ni kuunganisha viganja kifuani. Vua viatu kabla ya kuingia ndani, usimguse mtu kichwani, na ukikaa mkekani usimwelekezee mtu nyayo zako.

Mwalimu wa Jiko, Dodoma

Nawashukuru sana. Mama Kinu, je, prahok inaweza kusafirishwa hadi Dodoma?

Mama Kinu, Area C

Ifungwe mara kadhaa katika chombo kisichovuja na iwekwe kwenye mzigo mkubwa, si wa mkononi, na kabla ya kununua uliza masharti ya kuingiza bidhaa za samaki nchini. Mzizi ule wa jamii ya tangawizi nao utafute ukiwa umekaushwa, kwa kuwa ni mwepesi na hautakuharibia nguo.