Picha ya Mombasa ya 1572: tufundishie vita kwayo au tuiache?

MtuWaKuze: Imepita tena kundini, ile iliyochongwa kwenye bamba la shaba katika kitabu cha Braun na Hogenberg, 1572. Maelezo chini: "Fort Jesus ikizingirwa na Waomani." Wazee, ngome hiyo ya Wareno ilianza kujengwa 1593! Kuzingirwa kulianza Machi 1696. Mwalimu aitumie darasani au aiache?

Kipanga: Aiache. Mombasa, Kilwa, Sofala na Aden ukurasa mmoja, kama mahamri sahanini! Na hata mchoro wa tarehe sahihi una mwenyewe. Callot, mchoraji Mfaransa, alichora kuzingirwa kwa Breda, mji wa Uholanzi, kwa bamba sita, zikatoka 1628. Mji ulianguka 1625. Nani aliagiza? Isabella, mtawala wa upande wa Wahispania, ulioshinda. Unatazama kutoka juu, mistari imenyooka, utadhani njaa haikuwapo.

Bi_Mkubwa: Sisi hata wa kutuchora uongo hatukumpata. Miezi 33 ya kuzingirwa! Ingawa ndani humo wengine walikuwa watu wa Faza, mji wa kisiwa cha Pate, wakiwalindia Wareno ukuta.

FazaKwetu: Bi mkubwa, shikamoo, lakini hapo umenichoma. Agosti 1697 Wareno walikwisha kwa maradhi. Aliyeshika ngome ni Bwana Daud wa Faza, na wanaume wachache na wanawake 50 hivi. Hao wanawake nani kawachora?

Bi_Mkubwa: Marahaba, mwanangu. Ushujaa sikatai. Nauliza walikuwa wakimlindia nani.

Kipanga: Wareno hao hao waliiteketeza Faza 1587, wakakata na minazi. Miaka mia na kitu baadaye mnawashikia funguo?

FazaKwetu: Wewe mji wa Pate, hasimu wetu, unaujua? Ukiwa na jirani kama yule, hata shetani utampa kiti. Na Waomani walioitwaa ngome 1698 walikuwa shangazi zako?

MtuWaKuze: Jamani, mada ni picha.

Ngeu: Mimi ningewapeleka wanafunzi Ngomeni kwenyewe. Ipo michoro ya makaa na ngeu, rangi nyekundu ya udongo, waliyochora Wareno ukutani. Meli nyingi. Mtu kafika Mombasa, anachora chombo cha kuondokea.

MtuWaKuze: Hiyo naichukua. Basi ile ya 1572 ibaki, maelezo yafutwe.

Kipanga: Ibaki vipi? Ndiyo kwanza tunaanza. FazaKwetu, ya 1587 hujanijibu.

FazaKwetu: Nijibu mimi, au minazi?