Mjomba na picha zisizopangwa

Mama mdogo: Kaka, rangi za picha uliyotutumia zimenivuta sana, ila sijaelewa kwa nini mtu aliyechora uso wa mama yetu hata tukautambua kwa mbali ameamua kuziacha sura za watu kabisa.

Mjomba: Dada, unajua kwamba nilijifunza mwenyewe kwa kunakili picha za kamera, nikigawa karatasi katika miraba na kuihamisha mmoja baada ya mwingine, na kazi hiyo ilinipa mkono mtulivu. Hata hivyo, kila picha nilikuwa nimekwisha kuijua kabla sijaianza. Sasa ninaweka alama ya kwanza bila kupanga, kisha ninaitazama na kuijibu kwa nyingine.

Mpwa: Shikamoo, mjomba. Je, huko si kubahatisha?

Mjomba: Marahaba, mwanangu. Mfaransa André Masson alichora kwa wino katika miaka ya 1920 bila kukusudia umbo lolote, akiuacha mkono uitangulie fikra. Jackson Pollock wa Marekani, ambaye mwaka 1947 alianza kuimwagia rangi kanvasi iliyotandazwa sakafuni, alikana kwamba kazi yake ilitokana na bahati, nami ninamwamini, kwa sababu uzito wa rangi, kasi ya mkono na umbali wake na kanvasi vyote huamua mstari utakavyoanguka. Silika nayo hufunzwa.

Mama mdogo: Na unajuaje kwamba picha imekwisha, ikiwa hakuna sura ya kuilinganisha nayo?

Mjomba: Hilo ndilo gumu kuliko yote. Rangi ya akriliki hukauka upesi, kwa hiyo ninaweza kufunika sehemu na kuendelea, lakini rangi ya mafuta hukawia, na ukizidi kuivuruga ikiwa mbichi hugeuka tope. Mimi huigeuza picha juu chini, nikaiacha ukutani hadi kesho yake. Jicho likizunguka kote bila kukwama mahali pamoja, ninaweka brashi chini. Mara nyingi sehemu ninayoipenda zaidi ndiyo inayonizuia, na ninalazimika kuifunika.

Mpwa: Ningependa kujaribu. Nianzie wapi?

Mjomba: Chukua karatasi kubwa, brashi pana na rangi mbili pamoja na nyeupe. Chora ukiwa umesimama, ili mkono utembee kutoka begani badala ya vidoleni, na usifute chochote.

Mpwa: Nitaanza leo jioni, mjomba, na nitawatumia nitakachopata.