Kurudi Mwanza na semi moja: uzito, dizeli na mzigo wa kurudia

Mwangaluka ndugu zangu. Nina leseni ya malori ya Marekani, na mpango ni kurudi nyumbani niendeshe semi (kichwa na trela) yangu mwenyewe Dar–Mwanza, baadaye mpaka Rwanda. Huku naweza kupata Freightliner ya pua ndefu kwa bei nzuri nikaipakia melini. Ninunue? Na hesabu ya tripu moja ikoje?
— Columbus, Ohio

Kaka, hiyo pua ndefu iache huko huko. Usukani uko kushoto, na sehemu kubwa ya barabara ya Dodoma–Singida–Nzega ni ya kupishana. Kila ukitaka kulipita lori la mbele itabidi utoe kichwa kizima katikati ya lami ndipo uone kinachokuja. Vipuri navyo: vya Scania, Volvo FH au Howo vipo mjini, vya hiyo utasubiri ndege huku mzigo wa watu umelala njiani.

Wengi wakishaacha wazo la Marekani hukimbilia vichwa vya Ulaya vya ekseli (mihimili ya magurudumu) mbili, kwa sababu ni vya bei rahisi na vinakula mafuta kidogo. Piga hesabu kwanza. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ni ya 2016, nasi tunaitumia tangu Machi 2019. Ekseli ya usukani inaruhusiwa tani 8, ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne tani 10, ekseli mbili za pamoja tani 18, na tatu za trela tani 24. Kichwa cha ekseli tatu na trela ya tatu: 8 + 18 + 24, jumla 50. Kichwa cha ekseli mbili na trela hiyo hiyo: 8 + 10 + 24, jumla 42. Umepoteza tani 8 za uzito unaoruhusiwa kila tripu kwa kununua gari la bei rahisi. Tena trela iwe ya tairi mbili mbili kila upande. Zile pana za moja moja zinapunguziwa uzito.

Gari tupu la ekseli sita lina kama tani 16 au 17, ukihesabu dizeli na watu. Usijaze mpaka 50 kamili. Chukua tani 30, ambazo ni mifuko 600 ya saruji, na nafasi inayobaki ikulinde kwenye ekseli, maana huko ndiko watu wanakokamatwa. Jumla inakuwa sawa, lakini mzigo umesukumwa mbele ya trela, na ekseli za kichwa zinazidi. Ukifika mizani ya Vigwaza, ukitoka Dar, ndipo unagundua, na hapo utalipa na kuupanga upya juani kwa vibarua utakaowalipa wewe.
— Igoma

Nyongeza ya gereji. Ulaya usinunue injini inayotaka AdBlue (maji ya kusafishia moshi) kama unaweza kuikwepa. Huku kuipata njiani ni bahati, na ikikosekana gari linajipunguzia nguvu lenyewe, mara nyingi ukiwa na mzigo mlimani. Tafuta Euro 3, kiwango cha zamani cha moshi kisichotaka AdBlue. Maji kwenye dizeli ndiyo adui wa injekta: fungua koki ya chini ya filta ya kutenganisha maji kila asubuhi kabla ya kuwasha. Oili ibadilishwe kila kilomita 15,000 hivi, hata kama kitabu cha Ulaya kinasema zaidi. Hiyo ni kama safari sita za kwenda na kurudi.

Tairi ziko 22 bila ya akiba. Upepo upimwe asubuhi tairi zikiwa baridi, psi 110 mpaka 120 kwa tairi za saizi 315/80. Ukikuta umepanda mchana usiutoe. Ni joto, na usiku utabaki na tairi laini, kesho yake inapasuka. Zilizovishwa mpira upya ziende kwenye trela, mbele kamwe.

Ukitoka Singida na mzigo kuna mteremko wa Sekenke. Gia ichaguliwe juu, kabla ya kuanza kushuka, na breki ya injini iwe imewashwa. Gari likishashika kasi, kushusha gia kunaweza kugoma ukabaki nyutro. Breki zikichemka, upepo unao, pedali umeikanyaga mpaka mwisho, na gari linaenda tu.
— Fundi, Nyakato

Kaka wa Ohio, karibu sana nyumbani. Hayo ya gari ni kweli, ila mwenye semi moja anaanguka kwa mzigo wa kurudia.

Dar–Mwanza ni kama kilomita 1,150. Ikiwa na mzigo, semi inakwenda kilomita 2 kwa lita, yaani lita 575. Ikirudi tupu inapata kama 3, yaani lita 383. Kwa hiyo mzigo wa kushuka unakuongezea lita 190 tu. Wenye mizigo wanaijua hesabu hiyo, ndiyo maana bei ya kushuka Dar ni ndogo kuliko ya kupanda. Kubali bei ndogo, lakini usikubali kulala siku tano Usagara, nje ya Mwanza, ukisubiri bei nzuri. Siku hizo tano ni karibu safari nyingine nzima ya kwenda.

Mei mpaka Septemba kuna robota za pamba, mashudu, dengu na mchele. Baada ya hapo mizigo inakauka. Dagaa wa soko la Kirumba wanajaza trela kabla ya uzito kufika, kwa hiyo patana kwa gari zima, usipatane kwa kilo. Dizeli jaza Dar. EWURA, mamlaka ya serikali ya nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Mwanza huwa juu kwa sababu mafuta yenyewe yamekuja kwa lori.

Kwa dalali, dai zaidi ya nusu kabla turubai halijafungwa, na siku za kusubiri kushusha ziandikwe bei yake. Salio hulipwa kwa hati ya kupokelea mzigo, ile halisi yenye muhuri na idadi. Picha ya simu hawaikubali, na dereva akiipoteza umepoteza salio.
— Dada wa ofisi ya mizigo, Mwanza

Ya Rwanda kwa ufupi: njia ni Nzega, Kahama, Nyakanazi, mpakani Rusumo, wala hupiti Mwanza mjini. Ukitokea Mwanza, pita daraja jipya la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, kisha Geita; foleni ya kivuko imekwisha. Chukua kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya kuvukia mipaka, juu ya bima ya kawaida. Na ukishavuka Rusumo, hamia kulia. Kwa hilo tu Marekani imekufundisha.
— Kahama