Tupeane uzoefu: Tanga mjini ulilala wapi, na ulitembea wapi?

Kijana_wa_Moshi
Wakuu salaam. Likizo hii ya shule nataka kushuka Tanga na mama watoto na madogo wawili. Si kikazi, ni kutembea tu. Kila ninayemuuliza ananitania, eti waja leo waondoka leo, angalia usije ukabaki huko. Wa kuniambia gesti gani ina maji ya uhakika simpati! Mliowahi kulala Tanga njooni na yenu: mtaa gani, chumba kilikuwaje, asubuhi mlielekea wapi. Mimi ni mtumishi wa umma, hoteli za kulipa kwa dola waachieni wenyewe.

Dereva_Segera
Mkuu karibu. Mimi ni wa malori, mzigo wangu unatoka bandarini. Miaka ya nyuma meli zilikuwa zinatia nanga kule katikati, mzigo unaletwa kwa matishari, sisi huku tunasubiri mpaka tunazoeana na wahudumu wa gesti. Siku hizi kina kimechimbwa mpaka mita 13, meli inafunga gatini, unapakia unaondoka. Kwa hiyo ushauri wangu ni wa mtu aliyelala kila kona ya mji ule.

Usilale Kange. Najua basi litakushusha hapo stendi, na vijana watakupokea begi wakikuambia kuna lodge mpya hatua mbili tu. Ni kweli ni mpya. Marumaru, tivii ukutani, shuka zinanukia. Lakini zile zimejengwa kwa ajili ya mtu aliyefika usiku na ana basi la alfajiri. Ukifungua mlango asubuhi unakutana na gereji. Kila mkitaka kuiona bahari mtalipa bajaji kwenda na kurudi, watu wanne. Piga hesabu mwenyewe.

Bint_Chumbageni
Kaka Dereva, umewaonea watu wa Kange, ila kwa familia nakuunga mkono.

Mimi nimekaa mapokezi ya gesti moja pale mjini kwa muda mrefu, nijibu la vyumba. Mgeni wa Tanga analipa kwanza halafu ndiyo anakagua. Geuza! Mwambie dada wa mapokezi akuoneshe chumba, na usione haya, tumeshazoea. Fungua bomba la bafuni lenyewe, usitosheke na kuona ndoo imejaa, maana ndoo iliyojaa wakati mwingine ndiyo maji yote ya siku hiyo. Vuta chandarua ukitazame kwenye mwanga. Mbu wa Tanga hawana mzaha, na tundu likishonwa kwa uzi mweusi bado ni tundu. Washa feni mpaka namba ya mwisho uisikilize, kama inagonga utakesha nayo. Uliza na saa ya kutoka. Nyingi ni saa nne asubuhi, ukipitisha wanakudai siku nyingine.

Kuhusu watoto: gesti za kawaida chumba ni kitanda kimoja cha watu wawili, basi. Chukua vyumba viwili vinavyotazamana, wewe na mtoto mmoja, mama na mwingine. Ukiwa na ndugu yako mwanaume mkataka kubana matumizi kwa kulala wote chumba kimoja, mtakataliwa sehemu nyingi, tangazo lipo ukutani. Na kitabu cha wageni mjaze vizuri: jina, kabila, utokako, uendako, kazi, sahihi. Mzee mmoja aliwahi kuniandikia kwenye "uendako": *kulala*.

Mgosi_wa_Barabara_ya_Tisa
Mgosi Moshi, karibu kwetu. Lala Ngamiani, hayo mengine kelele.

Ngamiani huwezi kupotea hata ukitaka. Mitaa ina namba: barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka inapita ya ishirini, imenyooka. Mtoto ukimwambia "tumepanga barabara ya nane" anarudi mwenyewe. Chumba self, choo na bafu ndani, chenye feni unapata kuanzia 15,000, cha kiyoyozi ongeza. Jioni hapo hapo nje kuna mishkaki, mihogo, samaki wa kukaanga, chai ya maziwa. Ng'ambo kule Raskazone, upande wa baharini, utakula kwa menyu.

Adhana ya alfajiri utaisikia, misikiti ni mingi. Mwenye usingizi mwepesi asije akasema hakuambiwa. Na kodi baiskeli, huu ni mji wa baiskeli, tambarare, utauzunguka wote bila jasho la maana.

Mwananchi_Mpole
Kabla ya kupanga tarehe, angalia ratiba ya mpira. Agosti 2023 Ngao ya Jamii ilichezwa hapo Tanga, uwanja wa Mkwakwani. Nusu fainali zote mbili na fainali ndani ya siku chache, Yanga, Simba, Azam na Singida wote mji mmoja. Tulifika jioni, hakuna chumba. Si Ngamiani, si Chumbageni, si hiyo Kange mnayoisema. Chumba tulichokuwa tunalala kwa 20,000 mwenyewe anataja 60,000 huku anatazama pembeni. Tukarudi kulala Muheza, asubuhi tunapanda Noah kuja uwanjani. Halafu fainali yenyewe, sisi Yanga na Simba, sifuri sifuri, tukaenda matuta ya penalti, Simba wakashinda. Sitaki kuongea zaidi.

Dereva_Segera
😂😂 Pole Mwananchi.

Ticha_wa_Usambara
Mleta uzi, watu wamekujibu kulala, mimi nikujibu kutembea, maana wanafunzi nimewapeleka huko mara nyingi.

Siku ya kwanza nendeni Mapango ya Amboni. Ni kama kilomita nane kutoka mjini, njia ya Horohoro, unaingilia Kiomoni. Mawe ya chokaa ya mamilioni ya miaka. Mapango yapo kama kumi ila wageni huingizwa moja, na huingii bila mwongozaji. Vaeni raba, ndala zinateleza. Kila mtu awe na tochi yake, tochi ya simu ya mwongozaji haiwatoshi watu watano. Ndani kuna joto, kuna popo, na kuna sehemu mtu mzima anapita ameinama huku mtoto anapita wima anakucheka. Mwongozaji atawaonesha maumbo ya mawe: hii meli, huu Mlima Kilimanjaro, hii ramani ya Afrika. Mengine utayaona, mengine utakubali tu kwa heshima.

Kisha mtafika penye mzimu. Hapo wanangu huwa wananyamaza wenyewe. Chini kuna chupa za marashi, sarafu, vitambaa, vitu vilivyoletwa na watu wenye shida zao, wengi wao wakiomba mtoto. Msiguse, msiruke. Nimewahi kumkuta mama mmoja amekaa pale na ubani wake, mwongozaji akatupitisha upande wa pili bila kusema neno. Mtasimuliwa pia Osale Otango na mwenzake Paulo Hamisi waliojificha humo miaka ya 1950 wakisakwa na serikali ya kikoloni. Wapo wanaowaita majambazi, wapo wanaowaita wapigania haki. Mwulize mwongozaji yeye yuko upande gani, mtachelewa kutoka.

Mkitoka, chemchemi ya Galanos haiko mbali, maji ya salfa. Harufu ni ya yai viza, watoto watalalamika.

Siku nyingine Magofu ya Tongoni, njia ya Pangani, chini ya kilomita 20. Msikiti uliobomoka na makaburi kama arobaini, mengine yana nguzo. Januari 1499 Vasco da Gama akirudi kutoka India alichoma meli yake moja, São Rafael, maeneo hayo, maana mabaharia walikuwa wamekwisha kwa maradhi. Ni padogo, saa moja inatosha. Ila nendeni asubuhi, kivuli hakuna.

Bint_Chumbageni
Ticha umesahau makumbusho ya Urithi, pale boma la zamani la Mjerumani. Picha za mji wa kale zipo, na ni mjini kabisa, unakwenda kwa miguu.

Mtalii_wa_Ndani
Mimi nitapingana na Mgosi. Sisi tulilala Raskazone, bei iko juu, nakubali, lakini ile hewa! Unakaa barazani unakitazama kisiwa cha Toten mbele yako. Na hapo Raskazone ndipo Waingereza waliposhushia jeshi lao Novemba 1914, kama watu 8,000, wakapigwa na Wajerumani na askari wao wa Kiafrika waliokuwa kama 1,000, nyuki nao wakaingilia kati. Watoto wangu mpaka leo wanaicheza ile vita, hakuna anayetaka kuwa Mwingereza.

Ila msije mkidhani ni fukwe kama za Kigamboni. Raskazone unaogelea kwenye klabu, unalipa kiingilio, unashuka ngazi unaingia majini. Maji yakitoka ni mawe na tope. Mchanga mweupe ufuateni Pangani, na zaidi Ushongo, ng'ambo ya mto.

Mgosi_wa_Barabara_ya_Tisa
Sasa mgosi, si umejijibu mwenyewe? Chumba cha bei ya bahari, bahari yenyewe inalipiwa tena kiingilio.

Mtalii_wa_Ndani
Hewa sikulipia 😀

Kijana_wa_Moshi
Nawashukuruni. Tutalala Ngamiani vyumba viwili, Raskazone tutakwenda kushinda. Mama watoto amesikia Pangani kuna kisiwa cha Maziwe, anataka twende na kurudi siku hiyo hiyo. Inawezekana?

Bint_Chumbageni
Inawezekana mkidamka. Lakini kile kisiwa ni fungu la mchanga, hakina mti wala kibanda, na maji yakijaa kinazama. Msipange kwa saa yenu, pangeni kwa maji. Mpigieni mwenye boti siku moja kabla, mumwulize yanakupwa saa ngapi, ndiyo mjue mtoke Tanga na gari la saa ngapi. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kukupwa sana, ndizo kinajitokeza vizuri. Na beba mwamvuli mkubwa, kaka, si kwa mvua.