Mada ya mdahalo: "Binadamu hana uwezo wa kujua kama Mungu yupo." Watetezi tuanzie wapi?

MtunzaMuda

Wakuu, habari za jioni. Chuoni kuna mdahalo wiki ijayo, mada ni hiyo hapo juu, na kura imetuangukia upande wa watetezi. Wasemaji watatu, dakika saba kila mmoja, kisha maswali ya ukumbi dakika ishirini. Kwenye timu Wakristo ni wawili, Mwislamu mmoja, sote waumini.

Rasimu tuliyo nayo: (1) hakuna aliyewahi kumwona Mungu, (2) dini ni nyingi na zinapingana, (3) sayansi haijathibitisha. Naiona nyepesi. Tujenge vipi, wapinzani watatuvunjia wapi, na je, muumini anaweza kutetea mada hii bila kuikana imani yake?

Kalamu Nzito

Mkuu, rasimu hiyo itakufa ndani ya dakika mbili, na heri ife hapa kuliko ukumbini. Elektroni haijaonekana kwa macho ya mtu, lakini tangu kazi ya J. J. Thomson mwaka 1897 tunaijua kwa athari zake. Kwa hiyo kutoonekana si kutojulikana. Dini kupingana kunaonyesha kwamba haziwezi kuwa sahihi zote kwa pamoja. Hakuonyeshi kwamba hakuna hata moja iliyo sahihi. Na "sayansi haijathibitisha" ni habari ya mpaka leo, wakati mada yenu inasema *hana uwezo*.

Hapo ndipo kazi ilipo. Watu huchanganya misimamo mitatu: "mimi sijui", "hakuna anayejua kwa sasa", na "hakuna awezaye kujua, leo wala kesho". Wa kwanza hauhitaji hoja yoyote. Wa pili unataka mkague hoja zilizopo na kuonyesha kwamba zimepwaya. Wa tatu, ambao ndio mmepewa, unataka muonyeshe kizuizi ndani ya akili ya binadamu yenyewe. Timu nyingi hutetea wa pili zikidhani zinatetea wa tatu, na mpinzani makini huwamaliza kwa sentensi moja: "Mmeonyesha hatujafika, hamjaonyesha hatuwezi kufika."

Jambo la pili, fafanueni *kujua* kabla wapinzani hawajawafafanulia. Ufafanuzi wa kawaida una masharti matatu: jambo liwe kweli, uliamini, na uwe na sababu ya kutosha. (Mwaka 1963 Edmund Gettier alionyesha, kwa makala ya kurasa chache mno, kwamba masharti hayo hayatoshi. Msiingie huko, dakika saba hazitawatosha.) Mkiweka kipimo juu sana, kwamba kujua ni kuwa na uhakika wa asilimia 100, mpinzani atasema basi hata kwamba jua litachomoza kesho hamjui, na ukumbi utacheka. Mkikiweka chini sana, bibi yeyote anayesali atakifikia na mada yenu imekwisha. Kipimo kinachotetewa ni hiki: kujua ni kuwa na sababu ambayo mtu yeyote mwenye akili timamu, wa dini yoyote, anaweza kuikagua na kuiona inatosha. Msemaji wa kwanza akiseme ndani ya dakika moja na nusu za mwanzo, kisha akirudie neno kwa neno kabla ya kukaa.

Falsafa Mezani

Naungana na Kalamu. Nyongeza yangu ni mgawanyo wa wasemaji.

Wa kwanza atoe ufafanuzi na historia, basi. Protagora wa Ugiriki, karne ya 5 kabla ya Kristo, alisema hawezi kujua kama miungu ipo au haipo, kwa sababu jambo lenyewe ni gizani na maisha ya mtu ni mafupi. Jina la uagnostiki (msimamo wa kutojua kama Mungu yupo) lenyewe ni la Thomas Henry Huxley, Mwingereza wa biolojia, mwaka 1869. Ila tahadhari: Huxley alitoa kanuni ya uaminifu wa akili, kwamba usidai uhakika pasipo ushahidi. Mkimleta kama shahidi wa "hana uwezo", mtu aliyemsoma atawaumbua.

Shahidi wenu mkuu ni Immanuel Kant, mwanafalsafa Mjerumani, kwa kitabu chake cha 1781. Mpeni msemaji wa pili dakika zote saba. Hoja yake kwa hatua: tunajua vitu kwa kuvipokea kupitia nafasi na wakati, na kuvipanga kwa dhana kama chanzo na matokeo; dhana hizo zina kazi ndani ya yale tunayoweza kuyapitia tu; Mungu, kwa maelezo ya waumini wenyewe, hayumo katika nafasi wala wakati; kwa hiyo tukitumia chanzo na matokeo kumfikia, tunatumia chombo nje ya mahali pake pa kazi. Hicho ndicho kizuizi cha ndani mnachokihitaji, na hakitegemei sayansi ya mwaka gani.

Kisha Kant anazibomoa hoja tatu. Ile ya Anselm, askofu wa zama za kati, kwamba Mungu ni yule ambaye mkuu kuliko yeye hawezi kufikirika na kwa hiyo lazima awepo, anaijibu kwamba kuwepo si sifa inayoongezwa kwenye orodha ya sifa: thaler (sarafu ya Ujerumani ya zamani) mia za kufikirika na thaler mia za kweli hazitofautiani hata senti kwa maelezo, tofauti iko mfukoni. Hoja ya chanzo cha kwanza, anasema, kwa chini chini imeegemea hiyo hiyo ya Anselm. Na hoja ya mpangilio wa dunia, hata ikifaulu, inakupa fundi aliyepanga malighafi iliyokuwepo, haikupi muumba wa vyote.

Kosa linalojirudia hapa ni msemaji kusoma jina, mwaka na kitabu halafu akaacha hoja. Ukumbi hauogopi majina. Taja Kant mara moja, dakika zilizobaki eleza hatua.

Mwana wa Kalamu na Wino

Nikae upande wa wapinzani mwone wanavyokuja.

Wakatoliki watakuja na Warumi 1:20 (kwamba Mungu hutambulikana kwa kazi za uumbaji wake) pamoja na Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano (mkutano mkuu wa maaskofu), ambao tarehe 24 Aprili 1870 ulitamka kwamba Mungu anaweza kujulikana kwa hakika kwa mwanga wa akili ya asili ya binadamu. Mkatoliki wa timu yenu, kama mnaye, alijue hilo mapema, maana ataulizwa yeye kwa jina.

Waislamu watakuja na Suratut-Tur aya ya 35 (je, wameumbwa pasipo kitu, au wao ndio waumbaji?) na hoja ya Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111: kila kilichoanza kuwepo kina kilichokisababisha, ulimwengu ulianza kuwepo, basi una aliyeusababisha. Msiishambulie hatua ya kwanza, mtaonekana wabishi tu. Bonyezeni ya pili. Thomas Aquinas, mwanateolojia Mkatoliki wa zama za kati, ambaye wapinzani hao hao watamnukuu, alishikilia kwamba akili pekee haiwezi kuthibitisha kwamba ulimwengu una mwanzo. Hilo alilipokea kwa imani. Njia zake tano, yaani hoja zake tano za kuwepo kwa Mungu, hazitegemei mwanzo wa wakati hata kidogo. Mpinzani akiziunganisha na hoja ya Al-Ghazali kana kwamba ni kitu kimoja, mwombeni achague, atakwama.

Wakirukia mlipuko mkuu wa anga (Big Bang, nadharia ya ulimwengu kuanza), kumbukeni kwamba Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji aliyetoa wazo la ulimwengu unaopanuka mwaka 1927, hakupenda nadharia hiyo igeuzwe uthibitisho wa uumbaji Papa Pius XII alipoelekea huko mwaka 1951.

Halafu bonyezeni hatua ambayo haijaandikwa: kutoka "kuna kisababishi" hadi "kisababishi hicho kinajua, kinataka, na ni kimoja". Al-Ghazali ana hoja ya kufika huko, lakini mpinzani wa kawaida huwa hakuibeba.

Binti Swali

Mnawapamba sana hawa watetezi. Mimi ningekuwa mpinzani ningeuliza mambo mawili tu kisha nikae. Moja: mnasema Mungu hajulikani, hilo la kwamba hajulikani mmelijuaje? La pili: Mungu mwenye uwezo wote hashindwi kujijulisha. Ili mada yenu isimame lazima mjue kwamba hajafanya hivyo wala hatafanya, na hayo ni maarifa makubwa kuhusu Mungu kutoka kwa watu wanaosema hawajui chochote juu yake.

Falsafa Mezani

@Binti Swali hilo ndilo swali la mdahalo mzima. La kwanza lina jibu: dai letu halimhusu Mungu, linahusu chombo chetu, na kukagua chombo si kukagua kilicho ng'ambo yake.

La pili ni gumu. Jibu bora ninalolijua: hata Mungu akijijulisha, anayepokea anahitaji njia ya kutofautisha ujumbe huo na ndoto, na hofu, na ujumbe wa jirani unaopingana nao, na njia hiyo itakuwa ya kibinadamu. David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, aliugusa mzizi wa jambo hili mwaka 1748 alipoandika juu ya miujiza na ushuhuda wa watu.

Lakini hapo mpinzani aliyesoma atamleta Alvin Plantinga, mwanafalsafa Mkristo wa Marekani: ikiwa Mungu yupo, inawezekana ametuumba na uwezo wa kumtambua moja kwa moja, na imani inayotoka kwenye uwezo huo unaofanya kazi sawasawa ni maarifa, hata kama mwenye nayo hawezi kutoa hoja. Waislamu wanalo wazo la karibu sana, fitra (maumbile ya kuzaliwa nayo ya kumtambua Mungu), na ukumbi wa kwetu unalielewa haraka kuliko Kant. Jibuni kwamba hoja nzima imesimama juu ya "ikiwa": anayetaka kujua kama sharti limetimia amerudi mwanzo. Kusema kweli jibu hilo linawapa sare, haliwapi ushindi. Ndiyo maana kipimo cha Kalamu Nzito, sababu inayokagulika na wote, lazima kiwe kimekubaliwa mapema. Kikikataliwa, hapa mnapoteza.

MtunzaMuda

Aisee, nimeandika kurasa nne tayari. Mmoja wetu anataka kusema Mwafrika wa jadi hakuwahi kuwa na shaka juu ya Mungu, ili tuonekane tunajua mila. Inafaa?

Jivu la Moto

Haifai, kwa sababu inawapa wapinzani pointi bure, na ina mgogoro. John Mbiti wa Kenya aliandika mwaka 1969 kwamba Mwafrika ni wa dini kupindukia, lakini mwaka uliofuata Okot p'Bitek wa Uganda aliwashutumu wanazuoni kwa kuivika miungu ya Kiafrika mavazi ya Kigiriki: sifa kama uwezo wote na ujuzi wote zilitoka darasani, hazikutoka kijijini.

Mkitaka Afrika, chukueni mazungumzo ya Odera Oruka, mwanafalsafa wa Kenya, na wazee wenye hekima. Mzee Mbuya Akoko, Mjaluo, alitoa hoja kwamba Mungu ni mmoja kwa sababu maumbile yana utaratibu: miungu ingekuwa mingi ingepigana na mambo yangevurugika, lakini mbwa huzaa mbwa na paka huzaa paka. Linganisheni na Suratul-Anbiyaa aya ya 22, mjengo ni ule ule. Ila mwone pia kwamba inaeleza kwa nini Mungu ni *mmoja*. Kwamba yupo, hoja hiyo imechukulia tayari, haikuthibitisha. Hayo ndiyo matumizi yake kwenu.

Na takwimu: msithubutu kutaja asilimia za dini za Tanzania mkisema ni za sensa. Sensa ya huko haijauliza dini tangu 1967.

Kalamu Nzito

Kuhusu muumini kujikana, hapana. Mada inauliza habari ya kujua, haiulizi habari ya kuamini. Pascal, Mkristo wa kufa na kupona, anaanza ile hoja yake maarufu ya dau (kwamba ni busara kuweka dau kuwa Mungu yupo) kwa kukiri kwamba akili haiwezi kuamua upande wowote. Kant mwenyewe, katika dibaji ya toleo la 1787, anasema amelazimika kuyaondoa maarifa ili imani ipate nafasi. Sentensi hiyo msemaji wa tatu aikariri kwa moyo.

Wapinzani watajaribu kuwavuta kwenye "imani inafaa, inatengeneza jamii". Huo ni mjadala wa wanafalsafa wawili, W. K. Clifford, 1877, na William James, 1896: je, ni halali kuamini bila ushahidi wa kutosha? Mdahalo mzuri, lakini si wenu. Mwambieni mwenyekiti arudishe mada.

Achaneni na birika la chai la mwanafalsafa Bertrand Russell (mfano wake wa birika linalozunguka jua, ambalo hakuna awezaye kuthibitisha kwamba halipo). Linahusu nani ana wajibu wa kuthibitisha, linamfaa mkanamungu zaidi, na ukumbi utasikia Mungu analinganishwa na birika. Kejeli pia ina upande wa sheria: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, na ya Kenya vilevile, ina kosa la kutamka maneno kwa nia ya kuumiza hisia za kidini. Hoja za Kant hazifiki huko, mzaha unaweza.

Binti Swali

Dakika ishirini za maswali gawaneni kabla. Ya Kurani na fitra ajibu yule Mwislamu, ya Vatikano ajibu Mkatoliki kama mnaye, ya "mmejuaje kwamba hajulikani" ajibu msemaji wa pili peke yake. Jibu lisizidi nusu dakika. Na mtu akiuliza, "Wewe binafsi unaamini?" jibu ni "Ndiyo, naamini", kisha kaa.